Kadi Uliyozikwa Nayo

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini tangu niolewe na mwanao sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu umelala kwenye udongo wa Mvumi.

Nakuandikia nikiwa barazani hapa Zuzu. Treni ya mizigo imepita sasa hivi na mtoto niliyempakata hakushtuka hata kidogo. Ndiyo, Mama, mtoto. Amezaliwa. Ni wa kiume. Yule uliyekuwa ukimwekea kiganja tumboni mwangu na kusema ana ubishi wa baba yake, ametoka na nywele tele na sauti ya dalali wa mnadani. Tumemwita Yeremia. Dada zake, Tumaini na Neema, wanagombania kumbeba mpaka inabidi niwatume dukani wote wawili ili nipumue.

Wewe hukumwona, na mimi sikukuaga. Haya mawili yamenikaa kooni. Ndiyo maana nimechukua kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari, maana ndiyo pekee niliyoiona karibu, nikaanza kuandika. Usinicheke.

Nina habari ya mtoto na nina habari ya kadi yako ya bima ya afya, na zimefungana kiasi kwamba siwezi kukupa moja nikaacha nyingine.

Wewe na ile kadi, Mama! Nilipokuingiza kwenye bima yangu ya ualimu, ulishona kifuko kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare za harusi yetu, ukakitungia uzi wa shanga, ukakivaa shingoni ndani ya gauni. Siku za kliniki ya presha ulikuwa unashuka kwenye basi la Mvumi na kikapu cha ubuyu, karanga na mlenda mkavu, tunakwenda hospitali pamoja, na tukifika dirishani dada wa mapokezi anaomba kadi. Hapo foleni nzima inasimama. Unageukia ukutani, unaingiza mkono kifuani, unahangaika na fundo, unaifuta kadi kwa ncha ya khanga wakati haina hata vumbi, ndipo unaitoa kwa mikono miwili. Halafu unamwambia yule dada, "Aliyenilipia ni huyu hapa. Ni mwalimu." Mimi natamani ardhi inifiche. Nikikunong'oneza kwamba hawaulizi hayo, unajibu kwa sauti, "Hawajauliza, lakini nimewaambia."

Bima yenyewe unakumbuka ilivyo. Inanibeba mimi, mwanao Elia, na wategemezi wanne, basi. Wanne wangu walikuwa Tumaini, Neema, baba yangu kule Kongwa, na wewe. Elia ni fundi ujenzi, leo yuko huku kesho kule, hana bima ya kazini, kwa hiyo wote tulijibanza chini ya jina langu. Mimba hii ilipoingia furaha yangu haikukamilika. Kila nikijishika tumbo nilijiuliza huyu wa tano nitamweka wapi.

Siku ile tunamenya karanga za mbegu wewe hukuzunguka. Ulisema, "Mwalimu, mtoto akija nitoe mimi. Baba yako usimguse, sukari ile haina mzaha." Nikakasirika. Nikakwambia mtu hatolewi kama gunia kwenye lori, na sitaki kusikia habari hiyo tena. Ukanitazama, ukasema, "Basi nuna, lakini mimi nimeshasema." Ukaendelea kumenya karanga zako, na hatukulirudia tena.

Kisha ukaondoka. Presha ilikukuta shambani, katikati ya mtama, na mpaka wanafikisha gari ulikuwa umeshakwenda. Mimi nilifika Mvumi na tumbo langu kubwa, nimejifunga khanga kiunoni tayari kwa kuingia ndani kukaa na wewe. Mama Mdogo Debora, mdogo wako, akanipokea barabarani. Aliniambia mwenye mimba haingii kwenye nyumba yenye maiti wala hasogei kaburini, kwa ajili ya usalama wa kilichomo tumboni. Unanijua nilivyo. Nilibisha. Nilimwambia mimi nimesoma, mimi nimebatizwa, na aliyelala humo ndani ni mama yangu. Akasema, "Ni dada yangu pia. Na angekuwa yeye amesimama hapa angekuzuia kuliko mimi." Nikarudi nyuma, maana alisema kweli tupu.

Basi nilikuzika nikiwa jikoni kwa jirani. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nasikiliza nyimbo. Zikipanda nakisia sasa wanakubeba, zikishuka nakisia sasa wanakushusha. Nililia mpaka mwenye nyumba akanionea huruma akaniletea uji ambao sikuunywa.

Wanawake wenzako walikuosha na kukuvisha kwa heshima yote, Mama, na sina neno nao. Ila katika chumba kile hapakuwa na hata mmoja aliyejua kwamba kadi ya bima ni mali ya ofisi, na mwenyewe akifariki inarudishwa. Aliyejua alikuwa amekaa juu ya kinu nyumba ya pili.

Niliporudi shuleni mwenzangu mmoja, katika kunipa pole, akasema angalau sasa nafasi ya mtoto imepatikana. Alisema kwa nia njema. Nilimwacha amesimama na kikombe chake cha chai nikaenda kulia chooni. Nilimchukia siku nzima. Nilimchukia kwa sababu wazo hilo lilikuwa limeshapita kichwani mwangu nami nikalifukuza, halafu yeye akalisema mbele za watu.

Yeremia alipozaliwa, mkunga alimfunua miguu akaenda kumwita daktari. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, unyayo unatazama juu. Daktari akaja, akaushika taratibu kwa vidole viwili, akasema huu ni mguu kifundo, watoto wengi huzaliwa nao, na hakuna nilichokosea. Akasema dawa yake ni hogo, ile plasta ngumu wanayomfunga mtu aliyevunjika, inabadilishwa kila wiki na kila wiki mguu unasogezwa kidogo. Baadaye atakatwa kidogo tu kisiginoni, kisha avae viatu vyenye chuma katikati. Ila tuanze mapema, mifupa ingali laini. Ikikomaa kazi inakuwa kubwa, ya visu na vitanda vya hospitali. Akauliza, "Mtoto ana bima?" Nikajibu ataipata, nikijua nafasi ipo. Nafasi yako.

Mama Mdogo Debora nilipompigia kumweleza habari ya mguu, aliniuliza tena siku ya mazishi nilikaa umbali gani na nyumba. Nilijua anachowaza. Anawaza kwamba nilisogea karibu mno na msiba.

Nilikwenda ofisi ya bima na mtoto mgongoni, na tangazo lake la kizazi, cheti chake cha kuzaliwa, cheti chako cha kifo na picha ndogo ambayo amefumba macho. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, wala sina la kumlaumu. Akafungua kompyuta, akasema, "Mwalimu, wategemezi wako wamejaa." Nikamsogezea cheti chako. Akakisoma, akanipa pole, akauliza, "Na kadi ya marehemu?" Nikamwambia itakuwa kwenye sanduku lake, nitaileta. Akasema bila kadi hawezi kukuondoa kwenye mfumo, lakini kama nina haraka na mtoto, nichague wa kumtoa kati ya hao wengine. Akanigeuzia kioo nione. Kidole chake kilikuwa kwenye jina la baba yangu.

Baba yangu anayejichoma sindano kila siku. Nilifunga mkoba wangu nikatoka bila hata kuaga, mimi ninayewafundisha watoto wa watu kuaga.

Tulikwenda Mvumi mimi na Elia na mtoto. Tulifungua sanduku lako, tukakung'uta khanga zako moja moja, na harufu yako ikatoka, ile ya sabuni ya mche na moshi, ikabidi nikae chini kwanza. Kadi hakuna. Tukatafuta chini ya godoro, kwenye Biblia, kwenye kopo la mbegu. Mama Mdogo Debora akaingia, akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia, akashangaa kwa nini tunahangaika. "Kile kifuko cha shanga? Si anacho shingoni!" Akaeleza kwamba walipokuosha walikivua, na walipomaliza kukuvisha wakakurudishia, yeye mwenyewe akafunga fundo. "Kila Jumapili alikuwa anatuonyesha. Anasema hiki nilipewa na binti yangu. Sasa tungekiacha wapi?"

Binti yako. Mama, mbona hukuniambia? Mbele yangu nilikuwa Mwalimu, na ukitaka kunichokoza, Mwalimu wa Kongwa. Miaka yote hiyo nilidhani unapenda ile kadi kwa sababu ya dawa.

Elia akainuka, akaenda kwenye kona yalikosimama majembe na sururu. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi, wote tulijua. Mama Mdogo Debora akakaa kizingitini, akanyoosha miguu yake, akaufunga mlango wote kwa mwili wake. Nikasema, "Elia, kaa chini." Akakaa. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, mwanao ambaye siku ya mazishi alikuwa akigawa maji kwa wageni kama msiba ni wa mtu mwingine.

Watu wote walitupa ushauri mmoja: nendeni polisi, semeni kadi imepotea, mtapewa karatasi, mtaipeleka ofisini, kwisha. Ni kweli ndivyo watu wanavyofanya. Nikaenda. Afande akatoa daftari lake, akauliza kadi imepotelea wapi. Nikafungua mdomo ikatoka kweli. "Haijapotea, afande. Najua ilipo." Akaweka kalamu chini, akanitazama, akauliza sasa nimekuja kuripoti nini.

Nje Elia alinifokea, jambo ambalo unajua si kawaida yake. "Useme imepotea tu, Mama Tumaini! Mtoto mguu unakomaa, wewe unabishana na polisi!" Nilijua tu kwamba wewe hukuwahi kupoteza kitu maishani, na wale waliokufunga lile fundo hawakupoteza kitu. Wangeandika upotevu, uzembe, mahali ambapo palikuwa na upendo, na mimi ndiye ningetia saini. Lakini nikamtazama Yeremia. Alikuwa amelala, kale kamguu kamechomoza kwenye khanga, kamejikunja vile vile kama siku aliyozaliwa. Nikaona Elia naye ana haki, pengine kuliko mimi. Nikageuka nirudi ndani nikaseme uongo. Ungenisamehe, nadhani.

Mama Mdogo Debora ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa amekuja nasi, amevaa viatu vyake vya kanisani ambavyo vinambana. Akasema, "Twende kwa huyo mwenye kompyuta. Nitamwambia mimi. Aliyefunga ni mimi."

Ungemwona! Aliingia ofisi ya bima kama anaingia kwa jirani. "Mbukwenyi!" akasalimia ukumbi mzima kwa Kigogo, na watu kwenye viti wakaitikia wakicheka. Akafika kaunta, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, kadi mnayoidai ipo shingoni kwa dada yangu, kaburini. Nimemfunga kwa mikono hii. Hakuiiba, wala hajaipoteza. Mkiitaka nyie, mtaifuata wenyewe. Mimi siwapeleki." Kijana akaitazama mikono ya Mama Mdogo, kisha akaenda kumwita mkubwa wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Yule mama alisikiliza hadithi yote tangu mwanzo, pamoja na habari ya kinu, maana Mama Mdogo hakuacha kitu. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta, akasema, "Basi andikeni lilivyotokea. Mtendaji wa kijiji aandike barua, na nyie mlioosha mle kiapo kwa wakili. Mkileta hivyo nitapokea."

Ndivyo tulivyofanya. Tulipanda na kushuka mabasi, tukangoja mtendaji arudi kutoka kikao, tukangoja wakili, na kila jioni nilikuwa naushika ule mguu nikiomba usikomae bado. Hati ya kiapo inasema ndugu waliizika kadi pamoja na mwenye kadi, kwa kuwa aliithamini. Mama Mdogo hakukubali kuweka dole gumba mpaka nimemsomea kwa sauti mara mbili. Aliposikia hapo kwenye kuthamini akasema, "Sawa, hapo wamemwandika yeye."

Tukarudi kwa kijana wa kaunta. Akapokea karatasi, akafungua mfumo, akaandika sababu ya kuondolewa: amefariki. Kisha akauliza, kwa upole ule ule, "Nimtoe, mwalimu?"

Mama, nilishindwa. Jina lako lilikuwa pale, majina yako yote matatu, chini ya la Neema. Nilikuwa nimezunguka ofisi zote kutafuta ruhusa ya kufika hapo, na nilipofika ulimi ukaganda. Niliona nikisema ndiyo nitakuwa nimekuzika mimi mwenyewe, safari hii bila nyimbo. Kijana akangoja. Elia akainamisha kichwa. Mama Mdogo Debora akanipangusa uso kwa khanga yake, akamwambia yule kijana, "Mtoe, baba. Mwenyewe alishasema."

Kumbe na yeye ulimwambia. Ulijua nitanuna, nitabisha, na siku ikifika nitashindwa. Ukaliacha neno lako kwa mtu asiyeshindwa.

Akabonyeza. Mstari ukabaki mtupu, nikauona utupu wake, kisha akaandika pale Yeremia Elia, na jina la baba mkwe wangu nyuma yake. Kilichoniuma zaidi ni jinsi ilivyokuwa rahisi. Nililia mbele ya foleni nzima na sikuona aibu yoyote.

Sasa anafungwa hogo kila wiki. Mara ya kwanza alipiga kelele hospitali nzima ikamjua, siku hizi anampa mtaalamu mguu mwenyewe na kunyonya kidole. Wakivua hogo la zamani tunaosha kile kimguu chembamba kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kufungwa jipya, na kila wiki mimi na Elia tunakitazama, tunaogopa kujisifu mapema. Lakini kinageuka, Mama. Ule unyayo uliokuwa unatazama dari, wiki hii unatazama mlangoni. Mama Mdogo Debora amekuja kuuona kwa macho yake. Daktari amemweleza tena kwamba si kwa sababu ya msiba. Amesema "haya", kwa ile sauti yenu ya kumkubalia mtu ili anyamaze. Baba yangu wa Kongwa anakusalimu, dawa zake anazipata. Elia amejengea kaburi lako, amelichapia saruji vizuri kuliko nyumba za watu.

Sijui kama huko mnasomewa barua. Kama unasikia, basi sikia hili nililotakiwa kukwambia siku ile nikiwa nimezuiwa kule nyumba ya pili. Asante, Mama. Kwaheri. Uende salama, upumzike, na ile kadi kaa nayo, hakuna atakayekuja kuidai.

Bado sijafika kaburini kwako. Sasa sina mimba, ningeweza kuja hata kesho, na Elia ananiuliza kila Jumapili nangoja nini. Namngoja huyu. Sitaki kuja kwako nimembeba. Siku hogo na viatu vya chuma vikiisha, basi la Mvumi litatushusha pale njia panda, nitamweka chini, nitaachia mkono wake, na kile kipande chote cha mchanga mpaka ulipolala atakipita kwa miguu yake. Akianguka atainuka. Sitamsaidia, hata akilia. Nataka umsikie anakuja.

Rehema wako